Agricola na Wana wa Machifu

Gnaeus Julius Agricola alizaliwa mwaka 40 Baada ya Kristo huko Forum Julii, kusini mwa nchi iitwayo leo Ufaransa. Babaye aliuawa kwa amri ya Kaisari Caligula. Mamaye, Julia Procilla, ndiye aliyemlea na kumsomesha.

Mnamo mwaka 77 alitumwa kuitawala Uingereza, jimbo la mbali la dola ya Kirumi. Vita vyake sitavirefusha: alikiteka kisiwa cha Anglesey, na mnamo mwaka 83 akawashinda Wakaledonia katika Mlima Graupius. Linalonishughulisha mimi, niliyeshika chaki miaka mingi, ni jinsi alivyowasomesha wana wa machifu. Waliokikataa Kilatini wakaanza kutamani kukisema kwa ufasaha. Wakavaa toga, wakazoea mabafu na karamu. Wao waliuita ustaarabu. Tacitus, mkwewe aliyeandika habari za maisha yake, na ambaye kwa kweli alimhusudu sana, hakuficha kwamba hiyo ilikuwa sehemu ya utumwa wao.

Nani angedhani kwamba karne nyingi baadaye Waingereza nao wangewafungulia wana wa machifu wa Tanganyika shule kule Tabora, katika miaka ya 1920? Huko ndiko aliposoma Julius Nyerere, ambaye elimu hiyo aliigeuza silaha ya kudai uhuru.

Agricola mwenyewe aliitwa Roma na Kaisari Domitian, akaingia mjini usiku kimyakimya. Alifariki mwaka 93, bila kupewa jimbo jingine.