PAUL GERHARDT (1607–1676): KICHO CHA MUNGU KATIKA SIKU ZA KAWAIDA

Miongoni mwa watumishi wa Mungu ambao Kanisa la Kilutheri limerithi nyimbo zao, Mchungaji Paul Gerhardt anayo nafasi ya pekee. Hakuwa askofu wala hakuanzisha shule au shirika lolote. Alifundisha watoto wa watu, akahubiri, akazika wafu na kutunga tenzi za kuimbwa asubuhi, mezani, safarini na wakati wa kulala. Kwake yeye, kumcha Mungu hakukuwa jambo la Jumapili peke yake.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, Saksonia, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, naye alipata kuwa meya wa mji huo. Baba alifariki mwaka 1619 na mama mwaka 1621, hivyo Paul akawa yatima akiwa na umri wa miaka 14. Alisoma katika shule ya Grimma, ambayo ilisifika kwa nidhamu na sala, na mwaka 1628 akaingia Chuo Kikuu cha Wittenberg, mahali alipofundisha Martin Luther.

Wakati huo Ujerumani ilikuwa katika Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Njaa, tauni na majeshi viliangamiza vijiji vizima. Mwaka 1637 askari wa Sweden waliuteketeza mji aliozaliwa. Gerhardt alikaa miaka mingi bila kupata usharika, akijipatia riziki kwa kufundisha watoto majumbani, kwanza Wittenberg na baadaye Berlin. Katika kungoja huko ndipo vipaji vyake vilipokomaa. Kantori wa Kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Berlin, Johann Crüger, alizitia tenzi zake sauti, na mwaka 1647 akachapisha 18 kati yake katika kitabu chake cha nyimbo. Kitabu hicho kilikusudiwa kutumika kanisani na pia katika ibada za nyumbani, ambapo baba, mama, watoto na watumishi walikusanyika pamoja mbele za Mungu.

Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1651, akiwa na umri wa miaka 44, akapelekwa Mittenwalde. Mwaka 1655 alimwoa Anna Maria Berthold, binti wa nyumba aliyokuwa akifundisha Berlin. Mungu aliwajalia watoto watano, lakini wanne walifariki wangali wadogo. Binti yao wa kwanza alizikwa huko Mittenwalde mwaka 1657, na mwaka huohuo Gerhardt aliitwa kuhudumu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Mtu aliyewafundisha wengine kumshukuru Mungu jioni alijua vema jinsi nyumba inavyokuwa kimya baada ya mazishi ya mtoto.

Jaribu lingine likaja kutoka kwa serikali. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich Wilhelm, alikuwa wa Kanisa la Wareformati, na wengi wa raia wake walikuwa Walutheri. Akitaka kukomesha mabishano makali mimbarani, alitoa amri mwaka 1664, kisha akawadai wachungaji watie sahihi ya kuitii. Gerhardt hakujulikana kwa matusi wala ugomvi. Hata hivyo, aliona kwamba sahihi hiyo ingemtenga na maungamano ya Kilutheri aliyoapa kuyashika siku ya kubarikiwa kwake. Alikataa, na mwaka 1666 akaondolewa kazini. Wananchi, vyama vya mafundi na baraza la mji walimwombea, na mapema mwaka 1667 mtawala akamrudisha bila kudai sahihi, akitumaini tu kwamba ataifuata amri ile. Gerhardt aliona kuwa kukubali kimyakimya ni sawa na kutia sahihi. Akaiacha kazi na mshahara. Mwaka uliofuata mke wake alifariki, akabaki na mtoto mmoja, Paul Friedrich.

Mwaka 1669 alianza utumishi katika mji wa Lübben, na huko alikaa hadi kufa kwake tarehe 27 Mei 1676. Picha yake iliyowekwa katika kanisa la mji huo ina maandishi ya Kilatini yanayomtaja kuwa mwanateolojia aliyepepetwa katika ungo wa Shetani.

Kabla ya kufa alimwandikia mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka 13, wosia mfupi. Hakuwa na mali nyingi za kumrithisha. Alimwagiza asali kwa bidii, aikimbie tamaa ya fedha na aridhike na kile alichokipata kwa heshima na dhamiri njema. Akamtaka atende mema hata kwa wasioweza kumlipa, kwa kuwa Muumba amekwisha kumlipa tangu alipomwumba, alipomtoa Mwanawe na alipompokea katika ubatizo. Na hasira ikimjia, anyamaze kabisa, asitamke neno mpaka awe amesali moyoni Amri Kumi na Kanuni ya Imani.

Hapo ndipo kicho cha Mungu kinapoonekana: ulimi unapozuiwa, mkono unapofunguka na sahihi inapokataliwa. Tenzi zake zipatazo 140 zilitoka katika maisha ya namna hiyo. Wamisionari wa Berlin waliofika nyanda za juu za kusini mwaka 1891, na wale wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walilelewa katika uimbaji huo. Usharika unaotimiza miaka mia moja na kumshukuru Mungu kwa majengo na kwaya zake una sababu ya kumkumbuka mtumishi huyu, ili sifa ziimbwazo kanisani zisikike pia nyumbani, shambani na sokoni.