Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba Aliyevuma Hadi Bombay

Jina la marehemu Siti binti Saad si geni kwetu sisi watu wa pwani. Hata hivyo, nililazimika kulieleza upya mbali na bahari, huko Turkana. Nilitoka Lodwar alfajiri kwenda Kakuma, nikaketi katika mkahawa wa mama mmoja wa Kikongo, mkimbizi wa kambi ya huko. Simu yangu ilikuwa ikitoa santuri ya zamani ya Siti. Mama yule hakuuliza maana ya wimbo. Aliuliza mwimbaji alikuwa mtoto wa nani. Swali hilo ndilo lililomwandama Siti maisha yake, basi nikaanzia hapo.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, zama za utumwa. Baba alikuwa Mnyamwezi na mama Mzigua, na jina alilopewa ni Mtumwa. Hakupata elimu wala mali. Alijifunza kufinyanga vyungu, akavitembeza akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko mpigaji muziki mmoja akamfundisha kuimba.

Taarabu wakati ule ilikuwa ya wakubwa, ikiimbwa na wanaume kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, ikamfikia mchukuzi na mpishi. Heshima ikaja, na jina la Siti, yaani bibi mwenye hadhi, likalifuta lile la utotoni. Husuda nayo haikukosa. Walitungwa watu nyimbo za kumkumbusha vyungu vyake na nasaba yake. Naye akajibu kwa wimbo kwamba sura na ukoo si kitu mbele ya akili.

Mwezi wa Machi 1928 alivuka bahari hadi Bombay pamoja na wenzake, akina Subeit bin Ambar na Maalim Shaaban, kurekodi santuri za HMV. Hapakuwa na mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika kazi hiyo. Santuri hizo zilinunuliwa kwa maelfu.

Wako miongoni mwetu wasioridhia muziki, nami siwabishii. Lakini Siti hakuimba mapenzi matupu. Katika wimbo wa Kijiti alieleza habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliokuwa pamoja na marehemu ndio waliotiwa hatiani. Siti hakuwa hakimu wala wakili, ila dhuluma ile aliitia katika santuri, na hadi leo haijasahauliwa.

Nilipofika hapo mama yule aliacha kuosha vikombe. Alisema mambo kama hayo anayajua, kisha akanyamaza. Sikumwuliza zaidi, kwani Kakuma kila mtu ameulizwa asili yake mara nyingi mno.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alizungumza naye, akaandika wasifu wake, na kwa hiyo tunayajua mengi ambayo yangezikwa naye.

Nilipoinuka kulipa, mama alikataa fedha ya chai. Swali la nasaba hakulirudia. Aliomba tu niurudie wimbo wa Kijiti, nami nikaurudia. Mola amrehemu Siti binti Saad, amsamehe na sisi pia. Amin.