Émile Durkheim na Dhana ya Kitakatifu

Émile Durkheim alizaliwa mwaka 1858 mjini Épinal, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa rabi, yaani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, naye alitarajiwa kuifuata njia hiyo. Hakuifuata. Mwaka 1879 aliingia chuo cha École Normale Supérieure mjini Paris, na tangu 1882 akafundisha falsafa katika shule za sekondari. Kuanzia 1887 alifundisha elimu ya jamii na ualimu katika Chuo Kikuu cha Bordeaux, na kuanzia 1902 huko Sorbonne. Mtaalamu huyu, basi, alikuwa mwalimu wa walimu.

Aliiacha ibada ya wazee wake, lakini swali la dini halikumwacha. Dini ni nini? Wengi walijibu kuwa ni imani juu ya Mungu au miungu. Durkheim aliona jibu hilo lina kasoro, kwani mafundisho ya Kibuddha hayakujengwa juu ya mungu. Katika kitabu chake cha mwaka 1912 alieleza kwamba dini ni jumla ya imani na matendo yahusuyo vitu vitakatifu, yaani vilivyotengwa na kuwekewa miiko, na kwamba imani hizo huwaunganisha wenye kuzishika kuwa jamii moja.

Mifano yake mingi ilihusu wenyeji wa Australia, ambako hakufika. Alitegemea maandishi ya wengine. Baadaye Evans-Pritchard, aliyeishi na Waazande, alionyesha kuwa madhabahu yao ya mizimu huheshimiwa wakati wa ibada, lakini wakati mwingine huegemezewa mikuki tu. Mpaka baina ya kitakatifu na cha kawaida hauko wazi kila mahali.

Mwanawe André aliuawa vitani mwaka 1915. Durkheim mwenyewe alifariki Paris mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 59.

Maisha yake yanatufunza njia ya kufundisha istilahi. Mwalimu asianze kwa kuandika maana ubaoni. Wanafunzi wataje kwanza vitu visivyoguswa ovyo kwao, na sababu zake. Ndipo wapewe neno, kisha walipime kwa mfano wa Waazande. Maana iliyo finyu huweza kuiacha nje imani ya wazazi wa mwanafunzi aliyeketi mbele yetu, naye akarudi nyumbani akidhani kwamba wazee wake hawana dini.