Maisha ya Sir Evelyn Baring, Gavana wa Kenya

Ndugu wanachama, kazi ya kijitabu cha mwaka ni kuweka hesabu mbele ya macho ya watu, ili kila mmoja ajue kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Inafaa mara kwa mara kuyahesabu vivyo hivyo maisha ya mtu aliyetawala, kwa maana utawala nao ni amana. Basi mwaka huu twasimulia habari za Sir Evelyn Baring, aliyekuwa Gavana wa Kenya tangu 1952 hata 1959.

Evelyn Baring alizaliwa tarehe 29 Septemba 1903, katika nyumba ya wakuu wa Uingereza. Ukoo wake ulikuwa na benki mashuhuri London. Baba yake, Lord Cromer, alikuwa mwakilishi wa Uingereza katika Misri tangu 1883 hata 1907. Nchi ile ilikuwa na mtawala wake, lakini neno la Cromer ndilo lililokuwa na nguvu. Baba alifariki 1917, naye Evelyn bado ni mtoto wa miaka 13. Alisoma Winchester, kisha Oxford, akafaulu kwa daraja la kwanza katika historia. Mwaka 1935 alimwoa Lady Mary Grey, binti wa Earl Grey. Hivyo kuzaliwa kwake, elimu yake na ndoa yake vyote vilimweka miongoni mwa watu waliozoea kutoa amri.

Alianza kazi katika utumishi wa serikali ya India mwaka 1926, lakini maradhi yalimdhoofisha hata akaacha. Mwaka 1942 alifanywa Gavana wa Rhodesia ya Kusini, na tangu 1944 hata 1951 alikuwa Kamishna Mkuu wa Uingereza katika Afrika Kusini, akisimamia pia Basutoland, Bechuanaland na Swaziland. Huko ndiko lilikotokea jambo la Seretse Khama, mrithi wa uchifu wa Wabamangwato, aliyemwoa Ruth Williams, mwanamke Mwingereza, mwaka 1948. Wakubwa wa Afrika Kusini walichukizwa na ndoa ile. Baring aliishauri serikali yake isimkubali Seretse kuwa chifu, na mwaka 1950 Seretse akazuiwa asikae katika nchi yake mwenyewe. Mwaka 1966 huyo huyo Seretse akawa Rais wa kwanza wa Botswana.

Baring alifika Nairobi mwishoni mwa Septemba 1952. Tarehe 7 Oktoba Chifu Mkuu Waruhiu aliuawa kwa risasi, na tarehe 20 Oktoba Gavana akatia sahihi tangazo la Hali ya Hatari. Usiku ule ule askari walianza kuwakamata viongozi wa chama cha K.A.U. Kati yao alikuwamo jirani yetu Ramogi Achieng Oneko, mzaliwa wa Uyoma, aliyesoma Maseno. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne, na mwezi wa Aprili 1953 wote sita wakahukumiwa kifungo. Oneko alikata rufani, na Januari 1954 hukumu yake ikafutwa. Lakini hakurudi nyumbani. Alikamatwa tena palepale kwa amri ya kuzuiwa, akakaa kizuizini hata 1961. Mahakama ilimwachilia, kalamu ya serikali ikamshika.

Hapo ndipo penye uzito wa maisha ya Baring. Chini ya sheria za Hatari, watu makumi ya maelfu waliwekwa kambini bila kufikishwa mbele ya hakimu. Hata ziwa letu liligeuzwa ukuta wa gereza, kwa maana visiwa vya Mageta na Saiyusi vilifanywa kambi za wafungwa waliotolewa mbali na makwao. Katika miaka ya Hatari watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Ni kweli pia kwamba wapiganaji wa msituni waliua Waafrika wengi wasiokuwa na silaha, wake kwa watoto, kama ilivyotokea Lari mwezi wa Machi 1953. Gavana alikuwa na wajibu wa kuwalinda raia. Swali ni njia alizozikubali.

Haki yatudai tutaje na upande wa pili wa daftari. Katika siku zake mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipanua kilimo cha kahawa na chai katika mashamba ya Waafrika, na kuanzisha utoaji wa hati za ardhi, ingawa hapa Nyanza wengi waliogopa kwamba kuunganisha mashamba ni mlango wa kunyang'anywa. Mwaka 1954 Bwana B. A. Ohanga alifanywa Waziri, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho Kenya. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, na katika Nyanza ya Kati Bwana Oginga Odinga alimshinda Bwana Ohanga.

Lakini mwaka huo huo wa 1957 Baring alimwandikia Waziri wa Makoloni akitaka nguvu ziruhusiwe juu ya wafungwa waliokataa kutii. Matunda yake yalionekana Hola tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipopigwa hata kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilieleza kana kwamba maji waliyoyanywa ndiyo yaliyowadhuru. Uchunguzi ukaonyesha majeraha. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Baring aliondoka Kenya.

Mwaka 1960 alipewa cheo cha Lord Howick wa Glendale. Hata 1972 aliongoza shirika la Uingereza la maendeleo ya makoloni, lililoitwa baadaye la Jumuiya ya Madola, ambalo lilikopesha fedha za kuwasaidia wakulima wadogo wa chai wa Kenya. Alifariki tarehe 10 Machi 1973, na umri wake miaka 69.

Hesabu yake haikufungwa siku ile. Barua na majalada ya siku za Hatari yalifichwa Uingereza hata yalipofichuliwa 2011, kwa sababu ya kesi iliyoletwa London na wazee wa Kenya walioteswa. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi.

Ndugu wanachama, Baring hakukosa elimu, wala bidii, wala adabu ya watu wa nasaba. Kilichokosekana ni mtu wa kuishika kalamu yake alipoandika jina la asiyekuwa na wa kumtetea. Nasi tunaochaguana kushika daftari na muhuri, japo wetu ni mdogo, tukumbuke kwamba chai aliyoisaidia kupandwa imechipua, lakini miaka saba ya Achieng Oneko baada ya kufutiwa hukumu haikulipwa na mavuno yoyote.