Hilderic, Mfalme wa Karthago, na Fedha Zake

Kuna kipande cha fedha chepesi sana, uzito wake kama gramu moja, tena upana wake ni kama ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja pana kichwa cha mfalme na jina lake, Hilderic. Upande wa pili amesimama mwanamke aliyeshika masuke ya ngano katika mikono yote miwili. Mwanamke huyo ni mfano wa mji wa Karthago, na maandishi ya Kilatini yanayomzunguka yauita mji wenye heri. Ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, sikieni habari za mfalme huyo.

Wavandali walitoka Ulaya, wakavuka bahari mwaka 429, na mwaka 439 mfalme wao Geiseric akawanyang'anya Warumi mji wa Karthago, katika Afrika ya kaskazini. Nao walikuwa Wakristu, lakini walishika mafundisho ya Ario, asiyekiri ya kuwa Mwana ni Mungu sawa na Baba. Mwaka 455 Geiseric aliuteka hata mji wa Roma, akamchukua Eudocia, binti wa Kaisari Valentinian, naye akaozwa kwa Huneric, mwana wa Geiseric. Hilderic alizaliwa nao. Baba yake aliwatesa Wakatoliki kwa ukali mwingi. Mama yake aliondoka Karthago akaenda kufa Yerusalemu.

Utawala wa Warumi ulikwisha, lakini desturi ya fedha zao haikukoma. Wavandali hawakupiga sarafu za dhahabu. Dhahabu ilibaki yenye sura ya Kaisari. Hata fedha yao nyeupe hapo kwanza iliandikwa jina la Kaisari Honorius, aliyekwisha kufa mwaka 423! Ndipo Gunthamund, aliyetawala tangu 484 hata 496, akaandika jina lake mwenyewe juu ya vipande vya dinari 100, 50 na 25, na nyuma yake alama ya thamani ndani ya shada la majani. Hilderic ndiye aliyeweka pale mji na ngano yake.

Mfalme Thrasamund, aliyewafukuza maaskofu wengi hata kisiwa cha Sardinia, alipokaribia kufa mwaka 523, alimwapisha Hilderic kwamba katika ufalme wake hatawafungulia Wakatoliki makanisa. Hilderic aliapa. Basi, kabla hajashika ufalme, akaamuru maaskofu warudi na makanisa yafunguliwe. Wako wasemao alicheza na kiapo. Mimi naona kiapo cha kutenda mabaya hakimfungi mtu, ingawa ningependa zaidi kama angalikataa kuapa. Mtakatifu Fulgentius wa Ruspe alirudi, na mwaka 525 maaskofu wakakutana Karthago pasipo hofu.

Lakini msidhani kwamba mikono yake ilikuwa safi. Amalafrida, mjane wa Thrasamund, alitiwa gerezani kwa amri yake, akafa humo, na askari wake Wagoti wakauawa.

Tena Hilderic alikuwa mzee asiyependa vita. Wamori walipolishinda jeshi lake, wakubwa wa Wavandali walinung'unika, na mwaka 530 Gelimer, jamaa yake, akamwondoa katika kiti na kumfunga. Gelimer naye akapiga fedha kwa jina lake; masuke ya ngano hayamo tena, imerudi alama ya thamani ndani ya shada.

Kaisari Justinian alidai mzee afunguliwe, asisikilizwe. Mwaka 533 akamtuma jemadari Belisarius na merikebu nyingi. Gelimer aliposikia kwamba jeshi limeshuka pwani, alituma neno Karthago, na Hilderic akauawa kifungoni. Siku chache baadaye, tarehe 15 Septemba, Belisarius aliingia mjini, na tangu hapo fedha za Karthago zikapigwa kwa jina la Justinian.