Bwana Nyama wa Mbeya

Safari hii twapenda kumkumbuka Bwana George Rushby, ambaye habari zake na za simba wala watu zingali zinasimuliwa upande wa Njombe.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akaja Afrika angali kijana. Tusimpambe. Alikuwa mwindaji wa ndovu, tena mara nyingi mwizi wa pembe, akiingia Kongo bila kibali. Baadaye alitafuta dhahabu Lupa, akalima kahawa karibu na Mbeya. Kisha serikali ikamwajiri mtu huyo huyo kuwa Bwana Nyama! Labda walijua kwamba mwizi wa zamani hazijui njia za wezi kwa kusimuliwa.

Tangu miaka ya 1930 simba walikuwa wakiua watu katika vijiji vya Njombe. Hesabu inayotajwa hufika watu 1,500 na zaidi. Waliofiwa waliogopa hata kutoa taarifa, kwa kuwa waliamini simba hao wametumwa na mganga mmoja aliyevuliwa ujumbe. Rushby na askari wake walikwenda kijiji hata kijiji, mara nyingi wakifika wakati mnyama amekwisha kuondoka usiku. Mwaka 1947 ndipo walipoanza kufanikiwa. Waliua simba 15, na mauaji yakakoma. Wanakijiji wengi walisema yamekoma kwa sababu mganga amerudishiwa cheo chake. Nasi hatuwacheki, maana hofu ya miaka kumi na mitano haiondolewi na bunduki peke yake.

Lakini Rushby alitazama mbali zaidi ya bunduki. Ili kuzuia sotoka isienee kusini na kuua ng'ombe, serikali yenyewe ilikuwa imewapiga risasi wanyama wa porini sehemu zile. Simba, walipokosa windo lao, wakageukia watu. Kumbe mkono uliokusudia kulinda mifugo ndio uliofungua mlango wa msiba, na mjane wa Wanging'ombe hakuambiwa.

Akiwa Mbeya, Rushby alipendekeza sehemu ya pori la Rungwa, kando ya mto Ruaha, iwe hifadhi ya taifa. Aliyekuwa akiiba pembe sasa aliwaombea ndovu mahali pa kukaa. Jambo hilo lilitimia mwaka 1964, Tanganyika ikiwa imekwisha kujitawala, nayo hifadhi ikaitwa Ruaha. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka, na humo hakuficha miaka yake ya wizi.