Mackay, Mzungu wa Kazi

Mtu atokaye Kondoa akateremka mpaka Dodoma, kisha akashika njia ya mashariki, hufika Mpwapwa, chini ya milima. Huko ndiko ilikokoma barabara aliyoikata Alexander Mackay mwaka 1877 kutoka Saadani pwani, yapata maili 230. Yeye na vibarua wake walifyeka misitu, wakajenga madaraja, ili magari ya ng'ombe yapate kupita. Lakini ng'ombe wengi walikufa.

Mackay alizaliwa Scotland mwaka 1849, mwana wa mchungaji, akajifunza uhandisi. Mwaka 1876 Church Missionary Society ilimtuma pamoja na wenzake saba kwenda Buganda. Siku ya kuagana aliwaambia wakubwa wake kwamba katika miezi sita huenda wakasikia mmoja wao amekufa. Wasife moyo, bali wampeleke mwingine upesi. Hata mwaka 1877 ulipokwisha, wanne katika wale wanane walikuwa wamekufa. Mackay mwenyewe aliugua njiani, akarudishwa pwani, akapona, akaanza tena.

Alifika Buganda Novemba 1878. Akafua chuma, akachapa kurasa za Injili kwa Kiganda, na watu wakamwita Mzungu wa Kazi. Hakuwa mtu mpole sana. Alibishana na mapadre wa Kifaransa mbele ya Mfalme Mutesa hata mfalme akachoka nao wote. Lakini kazi hakuiacha.

Mwaka 1884 Mutesa alikufa, akatawala Mwanga mwanawe. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Kakumba, Serwanga na Lugalama, waliuawa kwa moto. Lugalama alikuwa mtoto bado. Mackay alijaribu kuwaombea, asisikilizwe. Oktoba mwaka ule ule akauawa Busoga Askofu Hannington, yule aliyepita Mpwapwa mwaka 1882 akienda ziwani. Na mwaka 1886 Wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki, walichomwa Namugongo.

Huzuni ya Mackay ilizidi ile ya mtu anayeogopa roho yake. Kila aliyekuja kwake kusoma aliweza kukamatwa kwa ajili ya kusoma huko, naye alilijua jambo hilo. Je, awafukuze wapate kuishi? Wao wenyewe walikuja usiku wakabisha, naye akawafungulia. Kisha akachapa barua ya kuwatia moyo waliokuwa wamejificha, ikapelekwa kwa siri mkono kwa mkono.

Agosti 1886 mwenzake Ashe aliondoka, Mackay akabaki peke yake karibu mwaka mzima. Julai 1887 alilazimishwa kutoka; akafunga nyumba, akavuka ziwa mpaka Usambiro, upande wa kusini. Huko akajenga upya, akaendelea kufasiri Injili, akawapokea Wakristo waliokimbia Buganda.

Mwaka 1889 Stanley alipita Usambiro, akastarehe kwake siku kadhaa. Wakubwa wa Uingereza walimsihi Mackay arudi apumzike. Akajibu kwamba hawezi kuondoka kabla hajaja mtu wa kushika kazi. Mtu huyo hakuwahi kufika. Februari 1890 homa ilimshika, akafa tarehe 8, mwenye miaka 40, baada ya miaka kumi na minne ambayo hakwenda kwao hata mara moja. Wakamzika pale pale Usambiro. Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa ikazikwa Namirembe, katika nchi aliyofukuzwa.